Umesasisha programu, vijenzi vya zamani vimegoma: mwongozo kamili wa kuvirudisha kazini

Sasisho limekamilika, mashine imewashwa upya, programu inafunguka vizuri na namba ya toleo jipya inaonekana. Unafanya kazi zako kama kawaida mpaka unapobofya kitufe cha ripoti ambayo umeichapisha kila wiki kwa miaka sita. Kidirisha kinajitokeza: "Class not registered", yaani kijenzi hakijasajiliwa. Programu yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kijenzi cha zamani, yaani kipande kidogo cha programu kinachofanya kazi moja kwa niaba ya programu kubwa, kilichokuwa ndani yake, ambacho pengine hukuwahi kujua kama kipo.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo hasa: toleo jipya limeingia salama, lakini kitu kilichokuwa kikiegemea toleo la zamani kimebaki hewani. Nimeandika zaidi kuhusu Windows kwa sababu huko ndiko vijenzi vya zamani vimerundikana, ila namna ya kufikiri ni ile ile kwenye Linux, kwenye Mac na kwenye seva za tovuti.

Kabla hujagusa chochote, nakuomba jambo moja: usikimbilie kuondoa programu na kuisakinisha upya. Najua ndilo wazo la kwanza linalomjia mtu. Ubaya wake ni kwamba linafuta ushahidi, na mara nyingine linafuta nakala pekee iliyobaki ya faili ambalo kisakinishi kipya hakilibebi tena. Nimewaona watu waliokuwa na tatizo la nusu saa wakajitengenezea tatizo la siku tatu kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: Linda kilichopo

Piga picha ya ujumbe wa hitilafu, wote, pamoja na namba zake. Andika toleo lililokuwepo, toleo la sasa, na saa sasisho lilipoingia. Kisha andika kinachofanya kazi na kisichofanya kazi. Orodha hii ya pili ina thamani kuliko watu wanavyodhani: ripoti ikifunguka kwenye skrini lakini ikagoma kuchapishwa, umeshajua kwamba hifadhidata haina kosa.

Halafu nakili data. Usiishie kwenye folda ya programu iliyo ndani ya Program Files; chukua pia ya programu hiyo iliyo ndani ya ProgramData na ile iliyo ndani ya AppData ya mtumiaji. Na kuna mahali pa nne ambapo wengi hawapajui. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ya biti 32 (aina ya zamani; nyingi za sasa ni za biti 64) ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa ya msimamizi, Windows huyaelekeza mafaili hayo kimyakimya kwenye folda hii:

%LOCALAPPDATA%\VirtualStore

Programu huendelea kuamini kwamba inaandika pale pale ilipozoea. Siku inapopata toleo jipya linalojua taratibu za sasa, huacha kusoma VirtualStore, na mtumiaji anaona mipangilio au rekodi zake "zimepotea". Hazijapotea. Fungua folda hiyo na utazikuta. Ukiona data imerudi ilivyokuwa zamani sana baada ya sasisho, anzia hapo.

Kama kilichosasishwa ni Windows yenyewe, fahamu kwamba muda unahesabika. Kwa kawaida unayo siku 10 tu za kurudi kwenye toleo lililotangulia, na baada ya hapo mafaili ya zamani hufutwa. Ukiona uchunguzi utachukua muda, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uongeze siku hizo hadi 60:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Fanya hivyo leo, si siku ya kumi na moja.

Hatua ya 2: Jiulize sasisho limefanya nini

Sasisho haliharibu vijenzi vya zamani kwa bahati mbaya tu. Karibu kila mara limefanya moja kati ya mambo manne. Limekiondoa kitu, kama lugha ya programu Python 3.12 ilivyoiondoa maktaba ya distutils mwaka 2023, au lugha ya tovuti PHP 7.0 ilivyoziondoa amri zote za mysql_ za kuzungumza na hifadhidata mwaka 2015. Limekibadilisha, jina likabaki lile lile lakini tabia ikawa nyingine. Limekihamisha, na programu ya zamani bado inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Au limekifungia: kijenzi kipo, kizima, mahali pake, ila ulinzi mpya haukiruhusu kupita.

Kila moja lina dawa yake, ndiyo maana utambuzi unatangulia. Kilichoondolewa hurudishwa. Kilichobadilishwa hutafutiwa toleo linaloelewana nacho. Kilichohamishwa huelekezwa upya. Kilichofungiwa hupewa ruhusa, baada ya kupima kama kinastahili kupewa.

Hatua ya 3: Usome ujumbe kama ulivyo

Namba zilizo kwenye ujumbe wa Windows huonekana kama takataka, kumbe ndizo zinazosema ukweli kuliko sentensi iliyo juu yake. Hizi ndizo nazikuta mara nyingi.

0x80040154 maana yake kijenzi hakimo kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio), au kimo upande wa biti ambao programu yako haiuoni. 0x8007007E, au namba 126 peke yake, inasema faili halikupatikana. Hapa pana mtego mkubwa: mara nyingi faili linalotajwa lipo kabisa, na kinachokosekana ni faili jingine ambalo hilo linalitegemea. Mtu huangalia folda, analiona faili, anahitimisha kwamba kompyuta inasema uongo. Namba 127 inamaanisha faili limepatikana lakini ndani yake hamna kipengele kilichoitwa, yaani umepata toleo tofauti na lililotarajiwa. Nayo 0xc000007b, sawa na 193, kwa kawaida ni mchanganyiko wa biti 32 na biti 64.

Ujumbe unaosema "side-by-side configuration is incorrect" karibu siku zote unaashiria kwamba kifurushi cha Visual C++ (maktaba za Microsoft) ambacho programu ilijengewa hakipo. Watu hudhani kifurushi kipya kinabeba vya zamani vyote. Hapana. Cha 2015, 2017, 2019 na 2022 ni kimoja, lakini cha 2008, cha 2010, cha 2012 na cha 2013 kila kimoja kinajitegemea, na kila kimoja kina sura mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Usiwahi kuviondoa kwenye orodha ya programu kwa kuona "vimejirudia".

Hatua ya 4: Biti 32 na biti 64, chanzo kikubwa kuliko vyote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapowakwamisha wengi.

Sheria ni fupi: programu ya biti 64 haiwezi kupakia ndani yake DLL (faili la msimbo ambalo programu huliazima) ya biti 32, wala ya biti 32 haiwezi kupakia ya biti 64. Hakuna mpangilio wa kuizunguka. Miaka yote programu yako na vijenzi vyake vilikuwa upande mmoja. Sasisho likaivusha programu ng'ambo, vijenzi vikabaki.

Niliwahi kuketi mchana kutwa na programu ya kuhesabu mali ghalani. Ilikuwa ikivuta orodha kutoka kwenye faili la Excel kila asubuhi. Asubuhi moja ikakataa: kiunganishi kiitwacho Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 hakijasajiliwa kwenye mashine. Wenyewe walikuwa wameshaisakinisha upya mara tatu. Nilipofungua Task Manager, kwenye kichupo cha Details, nikaongeza safu ya Platform. Programu ya ghala ikaonyesha biti 32. Kisha ndani ya Excel, kwenye File, Account, About Excel, mstari wa juu ukasomeka biti 64. Basi, jibu lilikuwa limeshapatikana. Siku iliyotangulia Office ilikuwa imewekwa toleo jipya, na tangu Office 2019 kisakinishi huweka biti 64 usipochagua vingine. Office ya zamani ya biti 32 ilipoondoka, ikaondoka na kiunganishi chake.

Kulikuwa na njia ya kulazimisha kiunganishi cha biti 32 kiingie kando ya Office ya biti 64. Kisakinishi chenyewe hukataa, ingawa kuna swichi za kukipitisha kwa nguvu. Sikuzitumia, kwa kuwa mpangilio huo huwa unavunjika tena Office inapojirekebisha. Nilinakili mipangilio, nikaondoa Office ya biti 64, nikaweka toleo lile lile jipya la biti 32. Programu ya ghala ikavuta orodha mara ya kwanza tu ilipojaribiwa.

Vitu vitatu vya kukariri kuhusu jambo hili. Kwanza, majina ya folda yanapotosha: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Pili, dirisha la kupanga miunganisho ya ODBC (njia ya programu kufikia hifadhidata) lipo mara mbili na yote mawili yanaitwa odbcad32.exe, la biti 32 liko ndani ya SysWOW64. Ukitengeneza muunganisho upande mmoja, programu ya upande wa pili haitauona. Tatu, kusajili kijenzi cha biti 32 upya kunataka regsvr32 ya upande huo, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe "C:\njia\ya\kijenzi.ocx"

Makro za Excel na Access nazo zina sura yao ya tatizo hili. Mistari ya Declare isiyo na neno PtrSafe haikubaliki kwenye Office ya biti 64; iongezee neno hilo, na vigezo vinavyobeba anwani za kumbukumbu vibadilishe kutoka Long kuwa LongPtr. Lakini kabla ya kugusa msimbo, fungua Tools kisha References kwenye kihariri cha makro na utazame kama kuna mstari unaoanza na MISSING. Rejeleo moja tu lililopotea linaweza kufanya hata amri nyepesi kama Left au Date zikataliwe, na mtu akapoteza saa nzima akichunguza mstari usio na kosa lolote. Toa alama kwenye rejeleo hilo, au chagua toleo lake lililopo, kisha jaribu tena.

Hatua ya 5: Acha kubahatisha, fungua logi (kumbukumbu za matukio)

Kama programu inajifunga ghafla bila maelezo, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu Application, na utafute tukio namba 1000 la saa ile ile. Mstari wa kuangalia ni "Faulting module name". Ukitaja jina la kijenzi cha zamani, umempata mhusika. Ukitaja ntdll.dll au kernelbase.dll, usizilaumu hizo. Kwa kawaida ndipo kosa lilipodondokea tu, chanzo kiko kwingine.

Kama ni usakinishaji wenyewe uliogoma katikati na kutoa namba 1603, namba hiyo haisemi zaidi ya "nimeshindwa". Endesha kisakinishi upya ukiamuru kiandike kila kitu:

msiexec /i programu.msi /l*v C:\temp\usakinishaji.txt

Fungua faili hilo na utafute maneno Return value 3. Usiisome logi kuanzia juu, ina maelfu ya mistari. Nenda palipo na maneno hayo kwa mara ya kwanza, kisha panda juu mistari kumi hadi ishirini. Sababu ya kweli imeandikwa hapo: faili lililofungwa na programu nyingine, huduma isiyozimika, au toleo la zamani lisilokubali kuondoka.

Logi zote zikinyamaza, tumia Process Monitor, chombo cha bure cha Microsoft. Chuja jina la programu yako, kisha chuja matokeo ya NAME NOT FOUND, na uifanye programu ikosee mbele yako. Utaona inagonga mlango gani usiofunguliwa. Matokeo mengi ya NAME NOT FOUND ni ya kawaida, maana Windows hutafuta faili moja katika folda kadhaa. Linalokuhusu ni jina lililotafutwa kila mahali lisipatikane popote, muda mfupi kabla ya ujumbe wa hitilafu.

Hatua ya 6: Tengeneza, ukianza na lililo jepesi

Fanya badiliko moja, jaribu, andika matokeo. Ukifanya matatu kwa mpigo na programu ikapona, hutajua kilichoiponya, na sasisho lijalo litakurudisha mwanzo.

Kama programu ni ya enzi za .NET 2.0 au 3.5, iwashe .NET Framework 3.5 kwenye dirisha la Windows Features. Matoleo ya 4 hayachukui nafasi yake. Kama ni Visual C++, weka kifurushi cha mwaka husika kutoka kwa Microsoft wenyewe. Kama kijenzi kipo ila hakijasajiliwa, kisajili kwa amri ya hapo juu. Kama mafaili ya Windows yenyewe yana walakini, endesha hizi mbili kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Kisha jaribu hali ya uoanifu: bofya kulia kwenye programu, Properties, Compatibility. Husaidia programu zinazouliza namba ya toleo la Windows na kukataa kufanya kazi zisipolitambua. Haisaidii kabisa kwa tatizo la biti, wala kwa viendeshi (programu zinazoendesha vifaa).

Viendeshi vya zamani huwa vimefungiwa. Kwenye Windows 11, ulinzi uitwao Memory integrity huzuia viendeshi visivyokidhi masharti yake, na mashine ya kuchanganua au ufunguo wa USB wa leseni hugoma hapo hapo. Tafuta kiendeshi kipya kwa mtengenezaji. Kuuzima ulinzi huo kwa ajili ya kifaa kimoja ni kuiacha mashine nzima wazi, na mimi simshauri mtu afanye hivyo kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti.

Hapa niseme kwa msisitizo: usipakue DLL moja moja kutoka tovuti zinazozigawa bure. Hujui ni toleo gani, hujui nani ameligusa, na hata likiwa safi, huenda limekuja bila yale mengine linayoyategemea. DLL hutoka kwa aliyeitengeneza, kwenye kisakinishi cha asili, au kwenye nakala yako rudufu.

Programu-jalizi zinapokuwa ndizo zenye shida

Anza kwa kufungua programu bila nyongeza yoyote. Excel hufunguka hivyo kwa amri excel /safe. Firefox ina hali yake ya utatuzi. Ikipona, mkosaji ni mmoja wa nyongeza, na usizime moja moja. Zima nusu. Tatizo likiisha, liko kwenye nusu uliyoizima. Lisipoisha, liko kwenye iliyobaki. Programu-jalizi 16 humalizika kwa majaribio manne.

Tovuti ya WordPress iliyobaki nyeupe baada ya sasisho inafanyiwa hivyo hivyo, hata kama huwezi kuingia: badilisha jina la folda ya plugins iliyo ndani ya wp-content, zote zitazimika. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress pia hutuma barua pepe yenye kiungo cha kuingilia ili kuzima iliyovunjika, kwa hiyo angalia sanduku la msimamizi kwanza.

Kwenye Linux, Mac na seva

Kwenye Ubuntu au Debian, faili /var/log/apt/history.log linaonyesha kilichosasishwa, kutoka toleo gani kwenda lipi, na saa ngapi. Kwa programu inayokataa kuanza, amri hii inataja maktaba zisizoonekana:

ldd /njia/ya/programu | grep "not found"

Ukiona libssl.so.1.1 kwenye majibu, kuna uwezekano mkubwa umehamia Ubuntu 22.04 au ya baadaye, ambayo imeingia na OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche) na kuacha ya zamani. Ipo mbinu ya kutengeneza kiungo ili libssl.so.3 ijibu kwa jina la zamani. Iache. Maktaba hizo haziko sawa ndani, na utabadilishana kosa la wazi na hitilafu za ajabu ajabu zisizotabirika. Dai toleo la programu lililojengwa kwa OpenSSL 3, au iendeshe ndani ya kontena, yaani kisanduku kilichotengwa, lenye mfumo wake wa zamani.

Kwa Python, tengeneza mazingira pepe (folda iliyotengwa yenye Python yake) yenye toleo ambalo msimbo uliandikiwa, na usiiguse Python ya mfumo. Mazingira yaliyojengwa kwa toleo la zamani yajenge upya, kuyanakili hakutoshi.

Programu iliyokataa kuingia kwenye hifadhidata baada ya MySQL kupanda toleo inastahili kuangaliwa upande wa uthibitishaji. Toleo 8.0 lilibadilisha njia ya msingi kuwa caching_sha2_password, 8.4 likaizima ile ya zamani, na 9.0 likaiondoa moja kwa moja. Nenosiri lako ni sahihi. Ni kiunganishi cha programu kisichojua kuzungumza lugha mpya. Sasisha kiunganishi.

Kwenye Mac, tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 hakuna programu ya biti 32 inayofunguka. Hapo hakuna cha kurekebisha: ni toleo jipya la programu, au mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta) yenye mfumo wa zamani.

Unapolazimika kurudi nyuma

Ukifika hapa usione haya. Ila angalia data kabla ya programu. Matoleo mengi mapya, yakifunguliwa mara ya kwanza, hubadilisha muundo wa hifadhidata, na toleo la zamani haliwezi tena kuisoma. Kwa hiyo kurudi nyuma ni kurudisha vyote viwili, programu na nakala ya data ya kabla ya sasisho, na kilichoingizwa katikati yake utakitoa kwanza kama orodha au uchapishe ili kiingizwe tena kwa mkono. Kisha lizuie sasisho lisirudi usiku ule ule. Kwenye Ubuntu amri ni apt-mark hold ikifuatiwa na jina la kifurushi.

Kama kijenzi hakina mrithi na kazi haiwezi kusimama, kiweke ndani ya mashine pepe yenye mfumo wake wa zamani, uikate mtandao, na uipe folda moja tu ya kupitishia mafaili.

Jaribio la mwisho lifanye hivi: washa mashine upya, ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida na si ya msimamizi, kisha uchapishe ile ripoti. Vijenzi vingi hupona mbele ya msimamizi na kugoma mbele ya mwenye kazi, kwa sababu vilisajiliwa kwa akaunti moja tu. Ikitoka kwenye karatasi kwa mkono wa mwenyewe, andika ulichobadilisha na tarehe, uhifadhi maandishi hayo pamoja na kisakinishi ulichotumia.